Mama wa Kwenye Mkanda

Vitabu vya watoto vya Kizungu vina tabia moja inayoniudhi: vinapenda kuanza kwa kumuua mama. Hujafika hata ukurasa wa tatu, mama ameshakufa kwa homa, au kazama na meli, au hatuambiwi hata amekufaje, na mtoto ameshapakiwa kwenye garimoshi na kisanduku chake kwenda kwa shangazi asiyependa kelele. Nikishaona hivyo nafunga kitabu, nakwenda kuangalia kama chai imechemka. Halafu narudi, kwa sababu nataka kujua kama mama atarudi. Wafu hawarudi, najua, nina akili zangu. Lakini nikishika kitabu cha mtoto nakuwa mtoto, na mtoto hakubali mambo hivi hivi.

Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Lushoto. Wageni wanakuja kutembea msituni na kupiga picha vinyonga, na wakiondoka wanaacha vitabu, maana begi la mgongoni ni zito na njia zetu zote zinapanda. Vitabu hivyo tunavipanga kwenye rafu chini ya ngazi. Zamani nilikuwa navifuta vumbi tu. Masika moja mvua zilizidi, vyumba vikabaki vitupu, nikaanza kuvisoma nikiwa na kamusi pembeni, polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Wanaacha pia vitabu vya watu wanaosimulia maisha yao wenyewe. Hivi navisoma kwa wivu. Mwandishi ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini anakumbuka gauni alilovaa mama yake siku fulani ya mvua, anakumbuka harufu ya sabuni, anakumbuka mama alisema nini na alikuwa ameshika nini mkononi aliposema. Huwa namwambia pale pale kaunta: mwongo mkubwa wewe. Kisha nasoma mpaka mwisho, nikihesabu mali ya mtu mwingine.

Mimi sina hiyo mali. Mama yangu aliondoka Shume kabla sijaanza shule. Baba alimpa talaka, na kwetu watoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo yeye alifunga nguo zake akarudi kwao Mtae, na sisi wawili, mimi na kaka yangu, tukabaki kwa bibi mzaa baba. Baadaye akaolewa Handeni, kule tambarare, akazaa watoto wengine. Hakurudi kututazama. Kama alikatazwa au hakutaka, hakuna aliyewahi kuniambia, na nilipomwuliza bibi alinijibu, "Asiyekuwapo na lake halipo," akaendelea kumenya viazi. Ninachokumbuka ni mgongo tu, na mbeleko, na hata huo mgongo sina hakika kama ulikuwa wa mama au wa bibi.

Kitu nilichokitaka miaka yote ni kidogo: nijue mama yangu alikuwa anaongeaje. Sura ningeweza kuitafuta kwenye kioo. Sauti haipo kwenye kioo.

Safari moja mgeni mmoja, msichana mwenye nywele za bluu, aliacha vitabu vitatu vya katuni za Kijapani, zile wanazoziita manga. Mpishi wetu alivichukua kwanza. Yeye ni Mlutheri, anaimba kwaya, akavifungua kama anavyofungua kitabu cha tenzi, kutoka kushoto. Baada ya siku chache akaniambia ni hadithi nzuri ila inataka moyo: kuna jamaa anakufa vitani, anainuka, halafu anazidi kupungua umri ukurasa kwa ukurasa, mpaka anakuwa mtoto mdogo, na mwisho kabisa nyumba iliyoungua inazimika moto wenyewe na anamkuta mama yake ndani anapika. Alikuwa amelia, naye si mtu wa kulia.

Nilipovichukua mimi, mkono ulikwenda wenyewe upande wa kulia. Nilisoma juzuu za Kurani chuoni kabla ya kusoma herufi za shule, najua yapo maandishi yanayoanzia huko. Basi nikasoma inavyotakiwa. Nyumba inaungua mwanzoni, mama anafia ndani, mtoto anakua na upanga na hasira, anakwenda kufa vitani. Nilivifunga vyote vitatu nikavirudisha kwenye rafu. Nikamwambia mpishi, "Yako ndiyo nzuri. Usinisikilize mimi." Hakujua nina maana gani, akaniuliza kama nitakula ndizi au ugali.

Lakini mtu wa kwanza niliyemjua aliyeweza kumrudisha mama kwa kuisoma hadithi visivyo alikuwa kaka yangu.

Shume ya utoto wangu ilikuwa na banda la video lililojengwa kwa mabanzi ya mipaina, yale maganda ya magogo yanayobaki kwenye mashine ya mbao. Lilinuka utomvu na petroli ya jenereta. Siku ya gulio, mchana, watu wakishauza karoti na kabichi zao, waliingia humo kupasha mwili moto na kutazama filamu. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, zote kwenye mikanda iliyochakaa, na hakuna aliyejua wanasema nini. Kwa hiyo mwenye banda akamtafuta mtafsiri, na mtafsiri huyo alikuwa kaka.

Kaka alikuwa amemaliza darasa la saba. Kiingereza chake kiliishia kwenye kumsalimia mwalimu, na Kichina chake tusikizungumze. Ila alikuwa na sauti, na hakuwa na haya. Alisimama kando ya runinga na fimbo yake, akawasemea wote: mwanamume kwa sauti nzito, mwanamke kwa sauti nyembamba, farasi akilia naye anatafsiriwa. Maneno mengi yalikuwa Kiswahili, matusi yalikuwa Kishambaa, ili wazee wasikose. Majambazi wote wa duniani kwake walikuwa madalali wa kabichi. Mtu akipigwa teke ukutani, kaka alisema huyo ndiye aliyewapunja watu wa Shume kwenye mizani, na banda zima lilipiga makofi.

Na katika kila filamu, iwe ya vita, ya mapenzi au ya vichekesho, alikuwamo mtu anayemtafuta mama yake.

Ile iliyopendwa kuliko zote, kaka aliipa jina yeye mwenyewe: Mama Nipo Njiani. Nimekuja kuona filamu nyingi mbovu tangu hapo, lakini ile ina kiti chake cha peke yake. Shujaa ana kovu linalohama shavu. Farasi wake anaingia bondeni mweupe anatoka wa kahawia. Kuna mtu anauawa mwanzoni na yule yule anaonekana tena sokoni ananunua mkate, na kaka ikabidi amfanye pacha wake. Siku nzima shujaa huyo anavunja milango ya watu na kuwakaba shingo akiwauliza jambo. Kwa tafsiri ya kaka, alikuwa anauliza, "Mama yangu kapita hapa?"

Mama mwenyewe haonekani kwenye picha. Anasikika tu, shujaa akilala kando ya moto na kuota. Hapo kaka alikohoa kidogo, akainamisha kichwa, na ikatoka sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka. Neno lake la kwanza lilikuwa lile lile kila mara: "Umekula?" Shujaa akisema amekula, mama alimwambia, "Hujala wewe, nakujua." Mimi nilikuwa nimekaa chini mbele, magoti kidevuni, na mwili wote ulikuwa unanisisimka. Kaka alikuwa mkubwa mama alipoondoka. Yeye alimsikia. Hakuniambia kamwe kwamba ile ni sauti ya mama yetu, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua. Nilikwenda na ile sauti nyumbani, nikalala nayo.

Mkanda ule ulikuwa umekatika mwishoni. Shujaa anafika kwenye pango, anasukuma jiwe, mwanga unamwangaza usoni, na hapo hapo runinga inaingia chengachenga mpaka mwisho. Siku ya kwanza mwenye banda alishika kichwa akasema ng'ombe wa maskini hazai. Alisogea kuizima. Kaka akamzuia kwa fimbo, akaendelea kusema. Alisema ndani ya pango kuna moto umewashwa, kuna sufuria, kuna mwanamke ameinama anapuliza kuni, moshi unamwingia machoni. Shujaa anasimama mlangoni anashindwa kusalimia. Mwanamke anasema bila kugeuka, "Umekula?"

Watu wazima, wanaume wa mashine ya mbao waliokuwa wanabeba magogo mabegani, walikaa wanatazama chengachenga na kumwona mama. Hakuna aliyetoka. Mama mmoja aliyekuja kuuza vitunguu alijifuta machozi kwa pembe ya khanga na kusema afadhali, afadhali amempata. Tangu siku hiyo filamu ile iliombwa kila gulio.

Ndipo akaja dereva wa lori la kabichi. Alikuwa mgeni, anasubiri mzigo wake ujae, akaingia bandani, akatazama kidogo akaanza kucheka. Akasema kwa sauti, "Jamani, huyu hatafuti mama. Anatafuta dhahabu. Mimi nimeiona hii Dar, yote, mpaka mwisho. Pangoni mna sanduku la dhahabu."

Mzee mmoja aliyekuwa mbele akageuka taratibu, akamtazama toka viatuni mpaka kofiani. "Hiyo uliyoiona wewe ni ya mjini," akamwambia. "Hii ni ya huku."

Dereva akajaribu kueleza kwamba filamu ni moja. Wanawake wa vitunguu walimwambia kama hana la kufanya akawahesabie kabichi zake, asije akaachiwa zilizooza. Alitoka anacheka peke yake. Kaka hakugeuka hata kidogo, fimbo yake ilikuwa bado kwenye kioo. Mimi nilimchukia dereva yule kwa chuki safi ya mtoto, na nilipofika nyumbani nilimwombea kwa Mungu pancha.

Mama alifariki nikiwa sekondari. Habari zilitufikia ameshazikwa, tukaenda Handeni kwenye arobaini yake, kaka na mimi, tukakaribishwa vizuri kama wageni wanavyokaribishwa. Watoto wake wa kule walikuwa wadogo, wanatutazama. Nililia mpaka watu wakashangaa, maana walijua sikukaa naye. Nililia kwa sababu ya ile sauti, kwamba sasa haitaniuliza kama nimekula. Mwanamke mmoja wa jirani alinishika bega akasema, "Mama yenu alikuwa mpole, hana maneno." Nikaitikia. Kila marehemu ni mpole, hana maneno. Sikumwuliza zaidi, kwa sababu niliamini ninachokitaka ninacho tayari.

Kaka baadaye akaoa Zirai, milima ya upande wa pili, akahamia huko kwa shamba la iliki. Banda la video lilikufa kifo chake, simu zikaingia, mabanzi yakawa kuni. Miaka ikapita tunapigiana simu za sikukuu: hamjambo, hatujambo, mvua zipo, watoto wanasoma. Sauti yake ya simu ilikuwa ya mtu mwingine, mtu wa msikitini, anayepima maneno. Sikupata mahali pa kuingiza neno kuhusu filamu.

Mwaka jana simu yangu, kama simu zinavyoleta mambo zenyewe, ikaniletea uso wenye kovu. Nilimjua kabla sijasoma chochote. Nilikaa kaunta nikaitazama nzima, safari hii na maandishi ya Kiingereza chini. Anavunja mlango, anamkaba mtu shingo: dhahabu iko wapi? Mlango mwingine: dhahabu iko wapi? Kando ya moto anaota, na katika ndoto rafiki yake mlevi anamwelekeza njia ya pango. Anasukuma jiwe. Dhahabu. Anaishika kwa mikono miwili anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana, majina yanapita, imekwisha. Dereva wa kabichi alikuwa mkweli. Nilijua hivyo tangu nilipokuwa mtu mzima, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine, na nilimtamani mama yule siku hiyo kuliko siku ya arobaini. Nikaomba ruhusa kazini, nikashuka Mombo, nikapita Korogwe na Muheza, nikapanda Zirai.

Nilimkuta kaka barazani na ungo mapajani, anachambua iliki, zilizopasuka huku, nzima huku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona bila taarifa, kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, kuna filamu. Alicheka, akadhani natania. Shemeji alinipa chai na mihogo, nikala, kisha nikamwekea simu juu ya ungo. Aliitazama mpaka mwisho, anasogeza uso karibu kila farasi akibadilika rangi. Dhahabu ilipotokea alitikisa kichwa.

"Filamu mbovu hii," akasema. "Tuliwatesa watu."

"Kaka, yule mama ulimtoa wapi?"

"Mama yupi?"

"Wa kwenye mkanda. Wa umekula."

Vidole vyake viliendelea na iliki.

"Nilimtunga," akasema.

"Sauti je?"

"Sauti ya mke wa mwenye banda. Alikuwa ananiletea chai kabla hatujaanza, ananiuliza kama nimekula. Nikisema nimekula haamini."

"Na kule kukohoa?"

"Kukohoa ni kwangu. Nilikuwa nakohoa nikikosa la kusema."

Nilihisi hasira ikinipanda, hasira ya mtu aliyeibiwa, na sikujua nimkasirikie nani, maana mwizi mwenyewe ndiye aliyenipa. Nikamwuliza, na mama yetu? Yeye alikuwa anaongeaje?

Kaka aliuweka ungo chini.

"Mama yetu alikuwa haongei, mdogo wangu. Atafua, atapika, atachota maji, jua linazama hujasikia neno. Hata siku anaondoka. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, alinipita na furushi lake. Nilingoja aseme kitu. Hakusema." Akafuta mikono kwenye kikoi. "Wewe ukawa unaniuliza kila siku, mama anasemaje, mama anasemaje. Ningekwambia hasemi?"

Jua lilikuwa bado juu, watoto wake walikuwa shule, kuku walikuwa wanapekuapekua maganda. Nilitaka kulia lakini sikujua nimlilie yupi. Mama yangu wa kweli alikuwa mwanamke kimya niliyemsikia kwa mara ya kwanza siku ile, na nilimwonea huruma, huruma ya mbali, ile unayomwonea mtu wa kwenye habari. Yule mwingine, wa sauti ya mke wa mwenye banda na kikohozi cha mtoto wa darasa la saba, ndiye aliyenilea. Nimeambiwa hakuwepo, na bado nilikuwa namtaka, pale pale barazani, mtu mzima mwenye mvi zake.

"Basi nisimulie huyo huyo," nikamwambia kaka.

"Nimezeeka kwa mambo hayo. Na filamu yenyewe umeiona, haina mama."

"Hata zamani haikuwa naye."

Alinitazama, akaanza kutabasamu upande mmoja, nikamwona yule kijana wa fimbo akitokea usoni mwake. Akaichukua simu yangu akaizima, akaifunika kifudifudi mkekani.

"Haya," akasema. "Arudi, au asirudi?"

Nikamwambia arudi, ila amcheleweshe njiani kadiri atakavyoweza.